Si Kila Picha Hustahimili Kukuzwa

Ni nyumba chache siku hizi, za mjini au za shamba, zisizokuwa na picha. Ziko picha za arusi, za watoto waliohitimu masomo, na za wazee waliotangulia mbele ya haki. Picha hizo ni mali ya ukoo, na zikipotea hazinunuliki tena dukani. Hata hivyo ni wachache wanaojua ni kitu gani huiwezesha picha moja kukuzwa mpaka ikafikia ukubwa wa dirisha na bado ikapendeza, ilhali nyingine ikikuzwa kidogo tu hugeuka ukungu. Aghalabu watu hulijua jambo hili siku wanapoihitaji picha kwa dhati, nayo siku hiyo huwa wamekwisha kuchelewa.

FAMILIA MOJA IWE MFANO

Na ichukuliwe familia moja iwe mfano wa nyingi. Baba wa nyumba amefariki ghafla. Mazishi yamekwisha, wageni wamerudi makwao, na siku ya arobaini inakaribia. Wazee wa ukoo wamekubaliana kwamba siku hiyo picha ya marehemu itundikwe sebuleni, sentimita 40 kwa 50, ili kila aingiaye amwone. Mtoto wa kwanza amekabidhiwa kazi hiyo. Anatafuta katika simu yake na katika simu za ndugu zake, na hapo anagundua kwamba baba ndiye aliyekuwa akiwapiga wengine picha. Yeye mwenyewe hayumo ila katika picha moja ya arusi ya binti yake, amesimama safu ya nyuma kati ya watu zaidi ya ishirini, anatabasamu.

Kijana anaipeleka picha ile studio. Fundi anaiweka katika kompyuta, anamkata marehemu kutoka katika kundi, anamkuza kwa kadiri iliyoagizwa, kisha anamwonyesha. Anayeonekana pale si baba. Ni miraba ya rangi iliyopangana, jicho limekuwa doa, na tabasamu limekuwa mstari mmoja uliopinda.

"Samahani ndugu yangu," asema fundi, "picha hii haitoshi."

Nyumbani habari hizo zinazusha maneno. Shangazi anasema studio ile ni mbovu. Baba mdogo analaumu simu, kwamba ni ya bei rahisi. Mwingine ananong'ona kwamba kijana amekula fedha za mchango. Kumbe hakuna aliyekosa. Kilichokosekana ni hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu kumshinda mtu aliyesoma madarasa machache ya shule ya msingi.

PICHA NI SHANGA ZILIZOPANGWA

Picha ya simu au ya kamera ya kisasa haichorwi kwa mistari. Imepangwa kwa nukta ndogo za rangi, mfano wa shanga zilizotungwa safu juu ya safu mpaka zikafanya pambo. Nukta hizo huitwa pikseli. Zikifika milioni moja huitwa megapikseli moja. Basi mtu akisema kwamba simu yake ina megapikseli 12, maana yake ni kuwa kila picha aipigayo ina shanga milioni 12, kwa kawaida 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo.

Jambo la kushika ni hili: idadi ya shanga huamuliwa pale picha inapopigwa. Kuikuza picha baadaye hakuongezi hata shanga moja. Kunachofanya ni kuzipanua zile zile zilizokuwapo. Shanga zikiwa ndogo sana, jicho haliwezi kuitofautisha moja na nyingine, nalo huona uso laini wa mtu. Zikipanuliwa kupita kiasi, jicho huanza kuziona zenyewe badala ya kumwona mtu.

Kamera ya kwanza ya aina hii isiyotumia filamu iliundwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak huko Marekani. Picha yake ilikuwa na pikseli 100 kwa 100, yaani 10,000 tu. Simu ya kawaida ya leo yenye megapikseli 12 huzidi kamera ile mara 1,200. Lakini hata wingi huo una mwisho wake.

JICHO NA UMBALI

Je, shanga ngapi zinatosha? Jibu limo katika jicho la mtazamaji. Mtu mwenye macho mazima, akiishika picha mkononi kama ashikavyo kitabu, umbali wa sentimita 30 hivi, hawezi kuzitenganisha nukta mbili ambazo nafasi kati yake ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa sababu hiyo wachapaji wa picha wamejiwekea kipimo cha nukta 300 kwa kila inchi moja, nayo inchi ni sentimita mbili na nusu na kidogo. Picha iliyochapwa kwa kipimo hicho huonekana safi hata ikisogezwa karibu na pua.

Kwa kipimo hicho kila mtu anaweza kujifanyia hesabu nyumbani. Achukue idadi ya pikseli za upande mmoja, aigawanye kwa 300, atapata inchi. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 itatoa chapa safi ya inchi 13 kwa 10, yaani sentimita 34 kwa 25. Picha ya megapikseli 24, yenye pikseli 6,000 kwa 4,000, itatoa sentimita 51 kwa 34. Ile ya megapikseli 48, yenye 8,000 kwa 6,000, itatoa sentimita 68 kwa 51.

Hapa msomaji makini ataona jambo linalowapotosha wanunuzi wengi. Kutoka megapikseli 12 kufika 48 ni kuongeza mara nne, lakini picha haikupanuka mara nne kwa upana. Imepanuka mara mbili tu. Sababu ni kwamba shanga zinahitajika kwa upana na kwa kimo pia, kama vile mkeka wenye upana maradufu na urefu maradufu unavyokula ukindu mara nne. Anayebadilisha kamera ya megapikseli 12 kwa ya 16 na kutumaini kwamba sasa ataweza kupamba ukuta mzima, amejidanganya: atapata nyongeza isiyofika hata sehemu moja ya tano kwa upana.

Hata hivyo picha ya ukutani haisomwi kama kitabu. Mtazamaji husimama mbali nayo, na kadiri anavyosogea nyuma ndivyo jicho lake linavyosamehe. Umbali ukizidi mara mbili, nukta zinazohitajika kwa inchi hupungua kwa nusu. Picha inayotazamwa kutoka sentimita 60 au zaidi hutosheka na nukta 150 kwa inchi, na kwa hiyo picha ile ile ya megapikseli 12 inaweza kufika sentimita 68 kwa 51 bila kuaibisha. Mabango makubwa ya matangazo kando ya barabara huchapwa kwa nukta chache mno kwa inchi, na mtu akipanda ngazi kuyatazama kwa karibu ataona madoa matupu. Lakini hakuna apandaye ngazi. Watu hupita barabarani, nao huona picha iliyo safi.

KUKATA NI KUTUPA

Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini picha ya baba yule haikufaa, maadamu simu iliyoipiga ilikuwa na megapikseli 12? Jibu ni kwamba fundi hakuikuza picha nzima. Alikata kipande.

Marehemu, kutoka kifuani hadi juu ya kichwa, alichukua sehemu moja ya kumi ya upana wa picha na sehemu moja ya sita ya kimo chake. Hiyo ni sawa na pikseli 400 kwa 500, jumla yake 200,000. Zilizobaki, milioni 11 na laki nane, zilikuwa za wageni wengine, maua, turubai na mbingu. Kipande hicho kikitandazwa juu ya karatasi ya sentimita 40 kwa 50, kila pikseli itakuwa na upana wa milimita moja nzima. Hakuna jicho lisiloiona milimita moja.

Kukata picha ni kazi ya heshima. Mpiga picha hodari hukata ili kuondoa nguzo iliyochomoza nyuma ya kichwa cha bibi arusi, au kumtoa mpita njia asiyehusika. Lakini kila mkato una gharama. Mtu akibakiza nusu ya upana na nusu ya kimo, amebakiwa na robo tu ya pikseli zake. Akibakiza theluthi na theluthi, amebakiwa na sehemu moja ya tisa.

Kuna mkato mwingine ambao watu huufanya bila kujua. Mtu akiwa mbali na jukwaa hupanua vidole viwili juu ya kioo cha simu ili kumvuta mhusika karibu. Simu isiyokuwa na lenzi maalumu ya kuvuta mbali hafanyi kazi yoyote hapo isipokuwa kukata pembe za picha na kupanua kilichobaki. Akivuta mara mbili, ametupa robo tatu ya picha yake kabla hata hajaipiga. Dawa yake ni ya tangu zamani: asogee mbele kwa miguu yake.

Na kuna mkato wa tatu, unaofanywa na studio. Picha za simu nyingi zina umbo la nne kwa tatu, ilhali karatasi ya kawaida ya posta, sentimita 10 kwa 15, ina umbo la tatu kwa mbili. Ili karatasi ijae, sehemu moja ya tisa ya kimo cha picha hukatwa. Ndiyo maana mara kwa mara watu hurudi na picha ya kundi ambayo walioketi mbele hawana miguu, au kofia za walio nyuma zimekatwa. Anayepiga picha ya kundi na aache nafasi kidogo pande zote, ili mkasi upate cha kula kabla ya kufika kwenye watu.

MKATO ULIOZUNGUKA DUNIA

Pengine mkato mashuhuri kuliko yote ni ule wa picha ya Ernesto Che Guevara. Mpiga picha wa Kuba, Alberto Korda, aliipiga mjini Havana tarehe 5 Machi, 1960, katika mkutano wa maombolezo ya watu waliouawa na mlipuko wa meli La Coubre. Katika negativu yake, upande mmoja umo uso wa mtu mwingine, na upande wa pili majani ya mti jamii ya mnazi. Gazeti halikuitumia picha ile siku zile. Korda aliwakata mtu na majani, akabakiza uso wa Che peke yake chini ya kofia yake yenye nyota, akautundika katika studio yake. Hapo picha ilikaa miaka saba. Che mwenyewe katika muda huo, mwaka 1965, alipitia Dar es Salaam na Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana mashariki ya Kongo. Alipouawa huko Bolivia mwaka 1967, picha ile ilichapwa kuwa mabango, na tangu hapo imeonekana katika kila pembe ya dunia.

Negativu ya Korda ilikuwa ya filamu ya kawaida, milimita 24 kwa 36, isiyozidi stempu kubwa ya posta. Kipande cha milimita 20 tu kikikuzwa kufika kimo cha mita moja, kimekuzwa mara 50. Ilikuwaje basi picha ile istahimili? Sababu ya kwanza ni kwamba ilipigwa kwa lenzi nzuri na mkono uliotulia. Ya pili ina mafunzo zaidi. Mwaka 1968 msanii wa Ireland, Jim Fitzpatrick, aliichora upya kwa rangi nyeusi juu ya nyekundu, bila vivuli vya katikati. Mchoro wa namna hiyo hauhitaji nukta nyingi, unahitaji umbo. Lakini uso wa baba wa nyumba si bango. Wanawe hawatafuti umbo, wanatafuta makunyanzi ya pembeni mwa macho waliyoyazoea.

MAMBO YA FILAMU

Wazee watauliza: mbona picha za zamani, zilizopigwa kabla ya mambo ya pikseli, ni safi kuliko za leo? Swali ni la haki. Filamu haina pikseli, bali ina punje za fedha zilizotawanyika, nazo punje zikikuzwa mno huonekana kama mchanga. Kanuni ni ile ile: kadiri negativu ilivyo kubwa, ndivyo inavyohitaji kukuzwa kidogo.

Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako nchini Mali, alifungua studio yake mwaka 1948. Alitumia kamera kubwa ya miguu mitatu yenye negativu za sentimita 13 kwa 18, na wateja wake walipewa picha za ukubwa huo huo, bila kukuzwa hata kidogo. Negativu kama hiyo ina eneo la mara 27 ya ile ya filamu ya milimita 35. Ndiyo maana katika miaka ya 1990, negativu zake zilipokuzwa kwa ajili ya maonyesho ya Ulaya na Marekani, watazamaji waliweza kuhesabu mapambo ya vitambaa, na kuona nyuzi za mashono. Akina mama wale wa Bamako walikuwa wamelipia picha ndogo za kuwatumia jamaa zao. Hawakujua kwamba ndani ya picha zile umefichwa ukubwa wa ukuta.

Somo hilo lina jamaa yake karibu zaidi. Mwaka 2015, katika ofisi za Shirika la Utangazaji la Uganda, Kampala, ilikutwa hazina ya negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980. Nyingi hazikuwa zimepata kuchapwa hata mara moja. Baadhi yake zilinakiliwa kwa mashine, na mwaka 2019 zikaonyeshwa hadharani katika Makumbusho ya Uganda, na wananchi wakaona kwa macho yao mambo ya utawala wa Idi Amin. Kama watumishi wale wa zamani wangehifadhi chapa ndogo na kuzitupa negativu, historia ile isingekuzwa tena.

PICHA INAYOPUNGUA NJIANI

Tukio kama la familia ile lina jambo jingine ndani yake. Kijana alipoulizwa na fundi ameipata wapi picha, alijibu kwamba ilitumwa katika kundi la ukoo la WhatsApp. Hapo fundi alitikisa kichwa. Mitandao ya namna hiyo, ili kuokoa gharama na muda, huipunguza picha kabla ya kuisafirisha. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 aghalabu hufika ikiwa na 1,600 kwa 1,200. Marehemu, aliyekuwa na pikseli 400 kwa 500, sasa amebaki na 160 kwa 200. Kwenye karatasi ya sentimita 40, kila pikseli ingekuwa na upana wa milimita mbili na nusu, sawa na punje ya mtama.

"Nani aliyeipiga?" aliuliza fundi. "Mtafute huyo. Mwambie asiitume kama picha, bali aitume kama faili, au aje na simu yake hapa."

Kwa bahati mpwa aliyeipiga alikuwa hajaifuta. Wengi huzifuta ili kupata nafasi ya kuweka mambo mengine, wakiamini kwamba nakala iko katika kundi. Kweli iko, lakini ni kivuli cha picha, si picha.

KOMPYUTA INAYOBUNI USO

Siku hizi zimetokea programu za kompyuta zinazoahidi kuifufua picha hafifu. Mtu huingiza uso wa ukungu, na baada ya muda mfupi hutoka uso wenye kope, vinyweleo na macho yanayong'aa. Kwa picha ya mandhari au ya jengo zinaweza kusaidia. Kwa uso wa mtu yafaa kutahadhari. Programu hizo hazijui marehemu alikuwaje. Zimefundishwa kwa nyuso za watu wengi wengine, na pale pikseli zinapokosekana, hujaza kwa kukisia. Kinachotoka ni uso wa mtu anayefanana na baba, wala si baba.

Fundi yule alijaribu, kwa kuombwa na kijana. Uso uliotoka ulikuwa mzuri mno. Kijana akaupeleka nyumbani kwa furaha, akampa mama yake simu. Mama aliutazama kimya kwa muda mrefu.

"Ni nani huyu?" aliuliza.

"Ni baba, mama."

"Huyu ana meno yote," alisema mjane, akamrudishia simu yake.

Hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kushinda hukumu hiyo. Picha ya kumbukumbu kazi yake ni ushuhuda, na shahidi anayeongeza maneno, hata matamu, si shahidi tena. Anayetaka kuitumia programu ya namna hii na aitumie kwa kiasi, awaonyeshe waliomjua mhusika, na asiitupe picha ya asili kwa hali yoyote.

MASHAURI KWA WENYE NYUMBA

Kutokana na hayo yote, yafaa kila nyumba iyashike mambo machache.

Kwanza, mtu apige picha kwa karibu angali na nafasi. Katika kila sherehe, baada ya picha ya kundi, wazee wapigwe mmoja mmoja, kutoka kifuani, mchana, kivulini penye mwanga mwingi. Picha moja kama hiyo kutoka simu ya kawaida yatosha kupamba ukuta, na haigharimu chochote zaidi ya dakika moja.

Pili, wingi wa megapikseli usimlaghai mnunuzi. Zipo simu zinazotangaza megapikseli 48 au zaidi, lakini kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12. Tena lenzi chafu, mkono unaotetemeka au giza huharibu zaidi kuliko uchache wa pikseli. Kuifuta lenzi kwa kitambaa safi ni bure, nako huongeza usafi wa picha kuliko fedha nyingi za dukani.

Tatu, mtu akiwa na picha ya karatasi ya zamani, asiipige kwa simu chini ya taa. Aipeleke inakiliwe kwa mashine, kwa kipimo cha nukta 600 kwa inchi. Picha ya pasipoti ya sentimita tatu na nusu kwa nne na nusu, ikinakiliwa hivyo na ikiwa safi, yaweza kukuzwa mara mbili bila wasiwasi. Na iwapo negativu ipo, hiyo ndiyo mama wa picha, inakiliwe hiyo.

Nne, faili za asili zihifadhiwe mahali pawili, zisiachwe katika simu moja inayoweza kuanguka mtoni.

Tano, mtu akienda studio aulize kabla ya kulipa: picha hii ina pikseli ngapi baada ya kukatwa, na karatasi ninayoitaka ni ya ukubwa gani? Fundi mwaminifu atafurahi kuulizwa.

SIKU YA AROBAINI

Na ile familia? Fundi, baada ya kuipata picha ya asili, alimweleza kijana njia zilizokuwapo. Uso wa baba peke yake ungeweza kuchapwa kwa upana wa sentimita tatu na nusu hivi, ukawa safi, ukafaa kuwekwa juu ya karatasi ya sala. Zaidi ya hapo ungeanza kufifia. Lakini picha nzima, bila kukatwa, ingeweza kuchapwa sentimita 68 kwa 51, kubwa kuliko ile iliyoagizwa na wazee.

Baba mdogo alipinga. Alisema kwamba siku ya arobaini ni ya marehemu, si ya wageni wa arusi. Shangazi naye alisita. Wote wakamgeukia mjane, ambaye hakuwa amesema neno.

"Mnataka kumkata mumtoe kati ya watu," alisema. "Yeye lini alikaa peke yake?"

Picha ikachapwa nzima. Siku ya arobaini ilitundikwa sebuleni, bibi arusi akiwa katikati, na zaidi ya watu ishirini wamemzunguka. Walioingia walisimama mbele yake wakawatambua jamaa mmoja mmoja, wakitajana majina, mpaka walipofika safu ya nyuma. Uso wake pale haukuzidi sentimita tatu, lakini kila shanga ilikuwa mahali pake, na makunyanzi ya pembeni mwa macho yalionekana.